Watu watatu wa mapokezi, tuzo tatu: jinsi Australia ilivyochora upya mpaka wa makarani

Chukua jengo moja la ghorofa mbili kwenye kitongoji chochote cha Melbourne. Chini kuna zahanati, juu kuna ofisi ya mawakili, na mkabala nayo kampuni ndogo ya wahasibu. Kila ofisi ina mtu wake wa mapokezi. Wote watatu wanapokea simu, wanaingiza miadi kwenye kompyuta, wanapitisha kadi za wateja kwenye mashine, wanachapa barua, na wanamtuliza mteja anayelalamika kwamba amekalishwa mno. Wabadilishe meza asubuhi, na kufikia saa sita mchana kila mmoja atakuwa ameshaizoea kazi ya mwenzake, ukiacha majina ya madaktari na jinsi mafaili yanavyopangwa.

Kisheria hawako pamoja hata kidogo. Wa zahanati yuko chini ya tuzo ya wataalamu wa afya na huduma zao. Wa mawakili ana tuzo ya huduma za kisheria. Ni huyu wa wahasibu peke yake anayehesabiwa kuwa karani kwa jina, chini ya Tuzo ya Makarani wa Sekta Binafsi. Viwango vya mishahara, madaraja, saa zinazohesabiwa kuwa za kawaida na malipo ya Jumamosi vyote vinasomwa kwenye hati tatu tofauti.

Tuzo hapa ni hati yenye nguvu ya sheria. Inaweka kima cha chini cha mshahara kwa kila daraja la kazi, saa za kawaida, malipo ya muda wa ziada, posho na mambo ya likizo. Mwajiri haruhusiwi kulipa chini yake hata kama mfanyakazi mwenyewe ameridhia. Kwetu Tanzania jambo lililo jirani ni Amri ya Mishahara, inayopanga kima cha chini kwa sekta. Kenya nayo ina amri inayotaja kazi kwa majina, mtunza fedha huku, mlinzi wa usiku kule. Australia imekwenda mbali zaidi ya hapo, na ndiyo maana swali la nani yumo na nani hayumo limeshughulisha mahakama zake kwa zaidi ya miaka 100.

Kisa ninachotaka kukichambua ni cha kati ya 2008 na 2010, pale mpaka wa makarani ulipofutwa na kuchorwa upya nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Ila hakieleweki bila kurudi nyuma kidogo.

Karani ni mtu wa viwandani?

Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika 1901, ililipatia bunge la shirikisho mamlaka ya kutunga sheria za kuzuia na kusuluhisha migogoro ya viwanda inayovuka mipaka ya jimbo moja. Fundi wa reli au mshona viatu hakuwa na shida: mgogoro wake ni wa viwanda, hakuna wa kubisha. Karani wa benki je? Anavaa tai, ana kalamu na daftari la hesabu, hagusi mashine wala hazalishi kitu cha kushikika. Waajiri wa mabenki na bima walishikilia kwamba watu hao hawamo kwenye viwanda, kwa hiyo madai yao hayawezi kufikishwa kwenye usuluhishi wa shirikisho.

Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Australia iliwakatalia. Makarani wa benki na bima wakakubaliwa. Lakini msimamo huo haukumfaa kila mtu wa mezani: mwaka 1929 mahakama hiyohiyo iliwatoa walimu wa shule za serikali za majimbo, kwa hoja kwamba kufundisha si shughuli ya viwanda. Ilibidi kusubiri hadi 1983, katika shauri la wafanyakazi wa mpango wa kusaidia vijana wasio na ajira, ndipo mahakama iseme kwamba maneno hayo ya katiba yasomwe kama mtu wa kawaida anavyoyaelewa. Kwa hiyo makarani wa benki waliwatangulia wenzao kwa miaka 60, na sababu moja iliyowasaidia ni kwamba kazi yao ilionekana kubeba kazi za viwanda vyenyewe. Benki ikifungwa, kiwanda nacho kinasimama.

Kulikuwa na kikwazo cha pili, nacho kilikuwa cha karatasi. Mwaka 1910 mahakama iliamua kwamba chombo cha shirikisho hakiwezi kutunga kanuni ya kumfunga kila mwajiri wa fani fulani. Kinaweza kuwafunga waliomo kwenye mgogoro tu. Vyama vya wafanyakazi vikajifunza mbinu. Viliandika orodha ya madai, makubwa kupita kiasi kwa makusudi, na kuituma kwa posta kwa maelfu ya waajiri katika majimbo mbalimbali. Mwajiri akikataa, au akinyamaza tu, mgogoro umezaliwa, na tuzo inaweza kutolewa ikiwa na majina ya waajiri wote hao nyuma yake. Kampuni mpya ikifunguliwa mwaka unaofuata, inatumiwa barua yake, kisha inavutwa ndani kwa tuzo ya nyongeza. Ni utaratibu wa ajabu, mgogoro unaotengenezwa kwa stempu ili msuluhishi apate cha kusuluhisha, lakini ulidumu karibu karne nzima.

Makarani wengi wa ofisi binafsi hawakupitia huko. Wao walitegemea tuzo za majimbo, kwa sababu jimbo halikuwa na kikwazo hicho cha katiba: liliweza kutoa tuzo ya kumhusu kila karani ndani ya mipaka yake. New South Wales ilikuwa na yake, Queensland yake, Australia Kusini yake. Madaraja yalitofautiana, malipo yalitofautiana, na hata watu waliotolewa nje walitofautiana. Kampuni yenye matawi Sydney na Brisbane ilikuwa na makarani wawili wa kazi moja wanaolipwa kwa vitabu viwili.

Kufuta na kuchora upya

Novemba 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba bunge la shirikisho linaweza kusimamia ajira kwa kutumia mamlaka yake juu ya kampuni, bila kungojea mgogoro wowote. Hilo ndilo lililofungua mlango. Tarehe 28 Machi 2008, Julia Gillard, wakati huo waziri aliyeshughulikia ajira, aliiagiza Tume ya Mahusiano ya Kazi ya Australia, chombo cha shirikisho cha kusuluhisha migogoro ya kazi na kutoa tuzo, ichukue tuzo zote zilizopo, za shirikisho na za majimbo, na kuzigeuza kuwa tuzo chache za kisasa. Zilikuwa zaidi ya 1,500. Mwishoni zilibaki 122. Jopo kamili liliongozwa na Jaji Geoffrey Giudice, na Tuzo ya Makarani ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa, ikatolewa tarehe 19 Desemba 2008 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2010. Kwenye rejista ya tuzo za kisasa ni namba ya pili, baada ya ile ya machimbo ya makaa ya mawe.

Agizo la waziri lilibeba masharti mawili yasiyoweza kukaa chumba kimoja: kazi hii isilenge kuwapunguzia wafanyakazi, na isilenge kuwaongezea waajiri gharama. Ukichukua tuzo ya New South Wales na ya Queensland ukazifanya moja, ama karani wa upande mmoja atashuka au mwajiri wa upande mwingine atapanda. Hakuna hesabu ya kulikwepa hilo. Tume ilichofanya ni kununua muda: tofauti za mishahara na za malipo ya saa zisizo za kawaida zikagawanywa katika hatua za asilimia 20 kila mwaka, kuanzia Julai 2010 hadi Julai 2014. Kwa miaka hiyo minne mhasibu wa kampuni ndogo alikuwa na tuzo mpya mkono mmoja, tuzo ya zamani mkono wa pili, na kikokotoo katikati.

Lakini uamuzi mzito haukuwa wa viwango. Ulikuwa wa mpaka. Agizo lilitaka tuzo zipangwe kwa sekta, huku likiruhusu kupanga kwa fani pale inapofaa. Karani ndiye hasa anayevuruga mpango wa namna hiyo, kwa sababu yuko kila sekta. Hospitali ina makarani, machimbo yana makarani, gereji ina mtu mmoja nyuma ya kioo anayeandika ankara. Ukimpa kila mmoja tuzo ya sekta yake, fani inatawanyika katika vipande kadhaa. Ukiwakusanya wote kwenye tuzo moja ya fani, unamlazimisha kila mwajiri kushika vitabu viwili, kimoja cha mafundi na kimoja cha ofisi.

Tume ilichagua njia ya kati. Tuzo ya Makarani inamhusu kila mwajiri wa sekta binafsi Australia nzima, kwa wafanyakazi wake ambao kazi yao yote, au sehemu yake kuu, ni ukarani, pamoja na shughuli za utawala zenye sura ya ukarani. Ukarani umefafanuliwa kwa vitendo: kuandika kumbukumbu, kuchapa, kukokotoa, kutoa ankara, kukagua, kupokea simu, kushika fedha, kukaa mapokezi. Kisha ukaja mkato: tuzo haimhusu mwajiri ambaye tayari yuko chini ya tuzo nyingine ya kisasa yenye madaraja ya makarani ndani yake.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyowatenga watu wetu watatu. Tuzo ya afya ina madaraja ya watumishi wa ofisi, kwa hiyo zahanati imetoka. Ya huduma za kisheria inayo, mawakili wametoka. Mabenki na bima wana tuzo yao. Maduka ya rejareja nayo yana nafasi za ukarani kwenye tuzo yao. Waliobaki ni wale ambao sekta yao haikuwakumbuka: karani wa mkandarasi wa ujenzi, karani wa kampuni ya malori, karani wa wahasibu. Kwa ufupi, Tuzo ya Makarani ni ya makarani waliobaki. Wingi wao usikudanganye. Hati yenyewe imejengwa kurudi nyuma kila inapokutana na tuzo ya sekta yenye nafasi kwa ajili yao.

Nadhani lilikuwa chaguo bora kati ya machaguo yaliyokuwepo. Zahanati yenye wauguzi wawili na mtu mmoja wa mapokezi inasoma hati moja, na hilo si jambo dogo. Kasoro yake ni kwamba mkato unamtazama mwajiri, hautazami meza. Ukiusoma neno kwa neno, kampuni yenye maduka inatolewa nje ya Tuzo ya Makarani kama mwajiri, hata pale unapouliza juu ya mtu anayekaa makao makuu mbali na rafu na rejista. Kwa mwajiri anayeguswa na tuzo zaidi ya moja kuna kanuni ya ziada: mfanyakazi anafuata daraja linaloendana zaidi na kazi anayoifanya na mazingira anayofanyia kazi hiyo kwa kawaida. Kanuni nzuri. Ila anayeitumia si jaji. Ni mtu wa rasilimali watu anayejaza fomu saa kumi jioni.

Ukingo wa chini na ukingo wa juu

Neno linalobeba mzigo mkubwa kwenye ile ibara ya nani anahusika na Tuzo ya Makarani ni hilo la sehemu kuu. Fikiria mtunza stoo wa ghala la vipuri. Asubuhi anapokea maboksi, anayahesabu, anayapanga. Baada ya chakula anakaa kwenye kompyuta hadi jioni, anaingiza namba za vipuri, anatoa hati za kupokelea mzigo, anapiga simu kuulizia lori lililochelewa. Ukimpima kwa saa, huyu ni karani. Je, ameacha kuwa mtunza stoo?

Jopo kamili la Tume lilishatoa mwongozo mwaka 2002, kwenye shauri lililouliza kama tuzo ya wauzaji inamhusu mtu mwenye majukumu ya umeneja. Lilisema kuhesabu muda pekee hakutoshi. Lazima utazame aina ya kazi na mazingira yake, upate lengo kuu ambalo mtu huyo aliajiriwa kwa ajili yake. Yule waliona aliajiriwa awe meneja, ingawa aliuza pia. Kwa kipimo hicho mtunza stoo wetu huenda abaki stoo, kwa sababu kompyuta yake inahudumia maboksi. Lakini akihamishiwa ghorofani, akaacha kabisa kugusa mzigo na kubaki na hati tu, mpaka umevukwa bila mtu yeyote kuandika barua ya uhamisho. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Mtu anabadilika kazi kidogo kidogo, na slipu ya mshahara inabaki na cheo cha miaka mitano iliyopita.

Ukingo wa juu umewekwa na sheria yenyewe. Sheria ya Fair Work ya 2009 inakataza tuzo kuwahusu watu ambao, kwa aina au ukubwa wa nafasi zao, kwa desturi hawakuwahi kuwa chini ya tuzo. Tuzo ya mchanganyiko, ile inayookota kazi zisizo na pa kwenda, inawataja baadhi yao: mameneja, na wataalamu wa uhasibu na fedha, masoko, sheria, rasilimali watu, uhusiano na umma, na teknolojia ya habari. Kwa hiyo katika ofisi ileile ya wahasibu, anayeingiza stakabadhi kwenye mfumo yuko ndani, na mhasibu anayesaini hesabu yuko nje. Katikati yao kuna msaidizi mwandamizi anayeandaa mishahara ya wateja 30, anamsimamia kijana mmoja, na anaitwa meneja wa ofisi. Cheo hakimtoi. Tuzo ya Makarani ina madaraja matano, na la tano lina nafasi ya mtu anayejitegemea kikazi na kuwasimamia wengine. Waajiri wanaopenda kugawa vyeo vya umeneja mahali pa nyongeza ya mshahara hujikwaa hapo.

Kuna jambo ambalo hata wenye mishahara mizuri hulipuuza. Sheria inatofautisha tuzo kumhusu mtu na masharti yake kutumika kwake. Mfanyakazi aliyehakikishiwa kwa maandishi mapato ya mwaka yanayozidi kiwango kilichowekwa, ambacho kuanzia Julai 2025 ni dola 183,100 za Australia, masharti ya tuzo hayatumiki kwake. Lakini bado inamhusu. Na mtu ambaye tuzo inamhusu, akishatimiza muda wa kazi unaotakiwa, anaweza kupinga kuachishwa kazi isivyo haki hata kama mapato yake yako juu ya kiwango hicho; asiyehusika na tuzo wala mkataba wa pamoja, akizidi kiwango, mlango umefungwa. Mtu akikuambia tuzo ni habari ya wenye mishahara midogo, muulize kama yuko tayari kufukuzwa ndipo ajue.

Kumhamisha karani leo

Baada ya 2010 mpaka haujakauka, ila kuusogeza kumewekewa kizuizi ambacho nakiona kuwa kifungu bora kuliko vyote katika habari hii. Tume, ambayo sasa ni Tume ya Fair Work, hairuhusiwi kubadili tuzo ili kundi fulani la wafanyakazi litoke, mpaka iridhike kwamba kundi hilo litaingia kwenye tuzo nyingine inayolifaa. Na tuzo ya mchanganyiko haihesabiki kuwa jibu. Mwajiri anayetaka makarani wake watolewe lazima aonyeshe wanakokwenda. Kabla ya hapo anatakiwa aishawishi Tume kwamba badiliko lenyewe ni la lazima ili kutimiza malengo ya tuzo za kisasa, yaani wavu wa haki na unaofaa wa masharti ya chini kabisa. Kuona kwamba lingependeza hakutoshi.

Kwa upande wa pili, kuwa ndani kuna maana ya kusogezwa pamoja na walio ndani. Tarehe 28 Machi 2020, korona ilipofunga ofisi, jopo la Tume liliongeza jedwali la muda kwenye Tuzo ya Makarani kwa makubaliano ya waajiri na vyama. Saa za kawaida, ambazo kwenye tuzo zinaanza saa moja asubuhi hadi saa moja jioni Jumatatu hadi Ijumaa, ziliweza kunyooshwa kwa anayefanyia kazi nyumbani, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku, kwa maafikiano na mfanyakazi. Mama aliyefundisha watoto mchana na kuchapa ankara usiku alipata nafasi, na mwajiri akaepuka malipo ya ziada. Lakini jedwali hilo liliwagusa wa tuzo hii peke yao. Mtu wa mapokezi wa zahanati na yule wa mawakili walitegemea kilichoamuliwa kwenye tuzo zao, ingawa nao walikuwa na kompyuta ileile mezani kwao jikoni.

Tangu Januari 2025 kumpunja mfanyakazi malipo kwa makusudi ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho. Kukosea tuzo kwa nia njema hakumpeleki mwajiri jela, ila deni linabaki, na kwa kawaida linadaiwa miaka sita nyuma. Kwa karani aliyewekwa kwenye hati isiyo yake, hiyo ni pesa ya kutosha kwenda kuuliza.

Mpaka unaofuata tayari unasukumwa, nao hauhusu sekta wala cheo. Mwaka 2024 Tume ya Fair Work ilishughulikia shauri la mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake Ufilipino akiifanyia ofisi ya mawakili ya Australia kazi ya usaidizi wa kisheria, kwa dola 18 kwa saa, chini ya mkataba uliomwita mkandarasi wa kujitegemea. Ofisi ilipinga asisikilizwe kwa sababu si mwajiriwa. Tume ilitazama mkataba na majukumu yake, ikaona ni mwajiriwa, na shauri lake likaruhusiwa kuendelea. Wasaidizi wa mtandaoni wa Nairobi, wanaoamka usiku ili walingane na saa za Sydney, wana sababu ya kuusoma uamuzi huo kabla ya kusaini mkataba mwingine wenye jina kama lile.